FAIDA KUBWA, SIFA KUBWA, MFUKO MTUPU
Mkasa wa ABB na somo lake kwa mwenye hisa chache

Mwenye hisa chache akitaka kujua kama kampuni aliyoweka fedha zake ni nzima, kwa kawaida huangalia mambo mawili: faida iliyotangazwa mwaka uliopita, na jina la mkubwa anayeiongoza. Mkasa wa ABB, kampuni ya Sweden na Uswisi inayotengeneza mitambo ya umeme na vifaa vya kuendesha viwanda, unaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kung'aa wakati kampuni yenyewe iko njiani kwenda shimoni.

Kwa mwaka 2000 ABB ilitangaza faida halisi ya dola bilioni 1.4. Mwanzoni mwa mwaka huo hisa yake ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya faranga 40 za Uswisi, kwa hesabu ya hisa kama zilivyokuja kugawanywa mwaka 2001. Oktoba 2002 hisa hiyo hiyo ilishuka chini ya faranga mbili, na sokoni watu hawakuulizana tena gawio litakuwa kiasi gani. Waliulizana kama kampuni itaweza kulipa madeni yake. Mwisho wa mwaka 2007 ilikuwa imepanda tena na kuvuka faranga 30.

Wapo waliofilisika katika safari hiyo na wapo waliotajirika. Kilichowatenganisha ni kujua mahali pa kutazama.

BIASHARA YENYEWE

ABB ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa makampuni mawili makongwe, ASEA ya Sweden na Brown Boveri ya Uswisi. Wasomaji wa Tanzania watalikumbuka jina hilo, kwani kiwanda cha transfoma cha Tanelec mjini Arusha kiliwahi kujulikana kama ABB Tanelec.

Mbali na transfoma, kampuni hii imekuwa ikiuza mota za umeme, vidhibiti vya mwendo wa mota, roboti za kuchomelea na kupaka rangi magari, na mifumo ya kompyuta inayoendesha kiwanda kizima cha saruji, karatasi au kusafisha mafuta. Mfumo wa namna hiyo hupima joto, shinikizo na kasi kila wakati, kisha hufungua na kufunga vali bila mtu kugusa kitu.

Biashara hii ina tabia moja ambayo mwekezaji hana budi kuifahamu. Kazi kubwa huchukua miaka kukamilika. Mteja hulipa sehemu ya fedha mapema, na kabla ya kulipa hudai dhamana ya benki, ili mkandarasi akishindwa kumaliza kazi mteja arudishiwe chake. Kwa hiyo kampuni ya mitambo huishi kwa imani ya mabenki. Benki zikianza kusita kutoa dhamana, kampuni hukosa kazi mpya hata kama wahandisi wake ni hodari kuliko wote duniani. Duka la rejareja lenye madeni linaweza kuendelea kuuza sukari, lakini mjenzi wa mitambo asiyeaminiwa na benki haitwi hata kwenye zabuni.

WAKUBWA WATATU

Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza wa ABB alikuwa Percy Barnevik, raia wa Sweden, aliyeiongoza tangu 1988 hadi mwisho wa 1996 na kisha akabaki kuwa Mwenyekiti wa Bodi. Aliigawa kampuni katika vituo vipatavyo 5,000, kila kimoja kikiwa na hesabu zake za faida na hasara, huku makao makuu mjini Zurich yakibaki na watu wachache sana. Vyuo vya biashara vya Ulaya na Marekani vilimfundisha kama mfano wa kuigwa. Chini yake ABB ilinunua makampuni mengi, likiwemo la Combustion Engineering la Marekani, lililonunuliwa kwa dola bilioni 1.6 kuanzia mwishoni mwa 1989.

Wa pili alikuwa Göran Lindahl, aliyeshika usukani mwaka 1997. Huyu alitaka kuondoka kwenye mitambo mizito na kuingia kwenye vifaa vya kuendesha viwanda, vyenye faida nono zaidi. Aliinunua Elsag Bailey, kampuni ya mifumo ya kuendesha viwanda, kwa dola bilioni 2.1 pamoja na madeni yake, akauza sehemu ya ABB katika biashara ya treni, na mwaka 2000 akaiuzia Alstom ya Ufaransa sehemu iliyobaki katika mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme.

Wa tatu, Jörgen Centerman, alianza kazi Januari 2001. Alipanga upya kampuni nzima ili vitengo vifuate aina ya wateja badala ya aina ya bidhaa. Mpango huo ulikuwa na mantiki, lakini ulikuja wakati uchumi wa dunia unapungua kasi. Julai mwaka huo alitangaza kupunguza nafasi za kazi 12,000. Septemba 2002 aliondoka, hata miaka miwili hakutimiza.

Hakuna kati ya watatu hawa aliyekuwa mjinga wa biashara. Kila mmoja alikuwa na mkakati unaoeleweka. Tatizo ni kwamba mkakati husimuliwa katika kurasa za mbele za taarifa ya mwaka, zenye picha, na madeni huandikwa katika kurasa za nyuma zenye herufi ndogo.

UGONJWA ULIKUWA WAPI

Sehemu ya kwanza ni mtaji wa wenye hisa, yaani kinachobaki ukitoa madeni yote katika mali zote za kampuni. Mwisho wa 2000 ABB ilikuwa na mtaji wa zaidi ya dola bilioni 5. Mwisho wa 2001 ulibaki takriban bilioni 2, na mwisho wa 2002 takriban bilioni 1 tu. Wakati huo mikopo ilikuwa karibu dola bilioni 8. Kwa lugha ya sokoni, kwa kila dola moja ya wenye kampuni kulikuwa na dola nane za wakopeshaji.

Mtaji huo uliliwa na hasara ya dola milioni 691 mwaka 2001 na nyingine ya karibu milioni 790 mwaka 2002. Lakini si hasara pekee. Mwaka huo huo wa 2001 kampuni ilitumia takriban dola bilioni 1.4 kununua hisa zake yenyewe sokoni. Kununua hisa zako hupendeza wenye hisa, kwani hisa zinazobaki hugawana faida kubwa zaidi. Ila fedha ikishatoka hairudi, na ABB iliitoa miezi michache kabla haijaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Sehemu ya pili ni muda wa madeni. ABB ilitegemea sana hati za mikopo ya muda mfupi, ambazo zikiiva hulipwa kwa kutoa hati nyingine. Utaratibu huo ni rahisi na wa bei nafuu maadamu wanunuzi wa hati wapo. Mapema mwaka 2002 wanunuzi walianza kukimbia, na kampuni ikalazimika kuchota karibu dola bilioni 3 kwa mkupuo kutoka kwenye mkopo wa akiba uliokuwa umewekwa na mabenki kwa ajili ya dharura.

Sehemu ya tatu ni biashara isiyokuwa ya kwake. Kampuni ya wahandisi ilikuwa imeanzisha kitengo cha fedha kilichokopesha, kukodisha mitambo, na hata kufanya bima mtawanyo, yaani bima ya makampuni ya bima. Miaka ya neema kitengo hicho kilileta faida safi iliyopamba hesabu za kundi zima. Miaka ya dhiki kiligeuka mzigo, kwani biashara ya kukopesha nayo huendeshwa kwa fedha za kukopa.

Sehemu ya nne ndiyo iliyotisha zaidi, nayo ni asbesto.

DENI LA MAREHEMU

Combustion Engineering ilikuwa imetengeneza mitambo ya kuchemshia maji ya kuzalisha umeme, na hadi miaka ya 1970 mitambo hiyo ilifunikwa kwa asbesto ili isipoteze joto. Vumbi la asbesto huingia mapafuni na kusababisha maradhi, ikiwemo saratani, ambayo huweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baadaye. Wafanyakazi wa Marekani waliougua walifungua mashitaka. Mwisho wa 2001 madai yaliyokuwa yakisubiri yalikuwa zaidi ya 90,000.

ABB iliponunua kampuni hiyo ilinunua na mashitaka yake. Ilipouza biashara ya mitambo hiyo mwaka 2000, mnunuzi alichukua viwanda na kazi. Madai ya asbesto yakabaki kwa muuzaji. Ni kama mtu aliyerithi nyumba yenye deni, akaiuza nyumba, kisha akagundua kwamba deni limebaki jina lake.

Kwa miaka mingi fidia zililipwa kidogo kidogo na hazikuonekana kuwa tishio. Kisha, kwa hesabu za 2001, kampuni ililazimika kuongeza dola milioni 470 kwenye fungu lililotengwa kwa ajili ya madai hayo, na kulifikisha milioni 940. Soko likaanza kuuliza swali lisilokuwa na jibu: mwisho wa mzigo huu ni wapi?

MALIPO YA WASTAAFU WAWILI

Katikati ya wasiwasi huo, Februari 2002 ilifahamika kwamba Barnevik alikuwa amelipwa mafao ya kustaafu ya faranga milioni 148, na Lindahl faranga milioni 85. Barnevik alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti Novemba 2001. Bodi ilisema malipo hayo hayakupitishwa ipasavyo, na Machi 2002 wawili hao wakakubali kurudisha jumla ya faranga milioni 137.

Ukipima kwa dola, fedha hizo ni ndogo ukizilinganisha na mikopo ya bilioni 8. Lakini mfanyabiashara anaelewa kwa nini zilichoma mioyo. Kama bodi haikujua kiongozi wake analipwa nini, ilijua nini juu ya vituo 5,000 vilivyotawanyika duniani? Usimamizi wa bodi haupimwi siku ya gawio. Hupimwa kwa vitu kama hivi.

Oktoba 2002 kampuni ilitangaza kwamba haitafikia malengo ya mwaka, na kwamba inafikiria kuiweka Combustion Engineering chini ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Hisa ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja.

TIBA CHUNGU

Aliyepewa mgonjwa huyo ni Jürgen Dormann, Mjerumani aliyekuwa Mwenyekiti wa Bodi tangu Barnevik alipoondoka, na ambaye Septemba 2002 aliongezewa kazi ya Mkurugenzi Mtendaji. Hakuja na nadharia mpya ya uongozi. Pamoja na Mkurugenzi wa Fedha, Peter Voser, aliyetoka kampuni ya mafuta ya Shell mwaka huo huo, alifanya mambo manne ambayo hata mwenye duka angeyaelewa.

Kwanza, aliuza kisichokuwa cha msingi. Sehemu kubwa ya kitengo cha fedha iliuzwa kwa General Electric kwa dola bilioni 2.3. Biashara ya mitambo ya visima vya mafuta na gesi iliuzwa mwaka 2004 kwa takriban dola milioni 925. Bima mtawanyo nayo ilikwenda.

Pili, alibakiza mambo mawili tu: vifaa vya umeme na vifaa vya kuendesha viwanda. Wafanyakazi walipungua kutoka zaidi ya 150,000 mwisho wa 2001 hadi karibu 102,000 mwisho wa 2004, wengi wao kwa kuhama pamoja na biashara zilizouzwa.

Tatu, aliweka ukomo kwenye asbesto. Januari 2003 yalifikiwa makubaliano ya dola bilioni 1.2, na mwezi uliofuata Combustion Engineering iliingia katika ufilisi uliopangwa, ili madai yote yapelekwe kwenye mfuko mmoja wa fidia. Mahakama zilichukua muda, na mpango haukuanza kutumika hadi 2006. Kiasi kilikuwa kikubwa, lakini kilikuwa kinajulikana, na soko huweza kupiga bei jambo linalojulikana.

Nne, alisema ukweli. Kila wiki aliwaandikia wafanyakazi wote barua kueleza hali ilivyo, mbaya kwa nzuri.

ZAMU YA MWENYE HISA

Hata hivyo, mauzo hayo hayakutosha. Mwaka 2003 nao uliisha kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 760. Novemba mwaka huo wanahisa waliitwa kwenye mkutano maalumu kuombwa fedha zaidi, kwa njia ya hisa mpya zinazouzwa kwanza kwa walio nazo tayari. Hapa ndipo wenye hisa wachache huumia bila kujua, hivyo inafaa kueleza kwa undani.

Kwa kila hisa 10 alizokuwa nazo, mwanahisa alipewa haki ya kununua hisa mpya 7 kwa faranga 4 kila moja. Mwenye hisa 100 alitakiwa kutoa faranga 280. Hisa zipatazo milioni 840 ziliuzwa na kuingiza takriban dola bilioni 2.5. Idadi ya hisa zote iliruka kutoka bilioni 1.2 hadi zaidi ya bilioni 2.

Chukua mfano wa hisa inayouzwa faranga 7 kabla ya toleo. Hisa 10 za zamani zina thamani ya faranga 70. Ongeza hisa 7 mpya kwa faranga 28, jumla ni faranga 98 kwa hisa 17, yaani kama faranga 5.76 kwa kila hisa. Aliyelipa hakupoteza kitu, kwani ana hisa nyingi zaidi za bei ndogo zaidi. Asiyekuwa na fedha lakini akauza haki yake sokoni alifidiwa tofauti hiyo. Aliyekaa kimya, barua ikabaki mezani, kila hisa yake imeshuka kwa faranga 1.24 bila yeye kupata chochote, na sehemu yake katika kampuni imebaki chini ya asilimia 60 ya ilivyokuwa.

Kwa hiyo anayenunua hisa ya kampuni mgonjwa kwa sababu ni rahisi, abakize fedha mfukoni. Kampuni ya namna hiyo ikipona, mara nyingi huwa imepita kwanza kwa wenye hisa na bakuli.

MAVUNO NA MTIHANI WA PILI

Gawio, ambalo halikulipwa kwa miaka ya hesabu ya 2001, 2002 na 2003, lilirudi kwa mwaka 2004, faranga 0.10 tu kwa hisa. Mwaka 2005, chini ya Fred Kindle aliyetoka Sulzer, faida halisi ilikuwa dola milioni 735. Mwaka 2007 ilifika bilioni 3.7. Aliyetoa faranga 4 mwaka 2003 alikuwa na hisa ya zaidi ya faranga 30.

Kisha ukaja mtihani mwingine. Februari 2008 Kindle aliondoka ghafla kwa kutoelewana na bodi, na baadaye mwaka huo msukosuko wa fedha ukaikumba dunia nzima. Hisa ya ABB iliporomoka kwa zaidi ya nusu kutoka kilele chake. Kwa bei peke yake ungedhani ni 2002 inarudi.

Mizania ilisema jambo jingine. Mwisho wa 2008 fedha taslimu za ABB zilizidi mikopo yake yote kwa zaidi ya dola bilioni 5. Kampuni ililipa gawio, benki hazikukimbia, na mwanzoni mwa 2011, chini ya Joe Hogan, ilikamilisha kuinunua Baldor, watengenezaji wa mota wa Marekani, kwa dola bilioni 4.2. Bei ilianguka mara mbili kwa namna inayofanana. Mara ya kwanza kampuni ilikuwa mgonjwa mahututi, mara ya pili ilikuwa imeloa mvua iliyowanyeshea wote.

Si kwamba maovu yote yaliisha. Katika kituo cha umeme cha Kusile nchini Afrika Kusini, ambako ABB ilipata kazi ya mifumo ya kuendeshea mitambo, ilibainika kwamba mkataba ulikuwa na rushwa. Desemba 2020 kampuni iliirudishia Eskom randi bilioni 1.56, na Desemba 2022 ikakubali kulipa adhabu nyingine kwa serikali za Afrika Kusini, Marekani na Uswisi. Ni asbesto ya aina nyingine: deni ambalo haliandikwi popote hadi siku linapodaiwa. Safari hii lilipoletwa, mfuko uliweza kulibeba.

Kampuni imeendelea kupungua kwa hiari. Mwaka 2020 iliuzia Hitachi ya Japani sehemu kubwa ya biashara ya gridi za umeme, na Oktoba 2025, chini ya Morten Wierod aliyeshika uongozi Agosti 2024, ilitangaza makubaliano ya kuiuzia SoftBank kitengo cha roboti kwa karibu dola bilioni 5.4.

MAMBO YA KUANGALIA

Mwekezaji mdogo hawezi kuingia katika chumba cha bodi, wala hawezi kumpima mkurugenzi kwa kumtazama usoni. Lakini taarifa ya mwaka anaweza kuiomba, na mambo matano yafuatayo yamo humo, iwe ni kampuni ya Zurich, Nairobi au Dar es Salaam.

1. Mtaji wa wenye hisa unakwenda wapi? Usisome mwaka mmoja, soma mitatu mfululizo. Tano, mbili, moja ni hesabu inayojieleza.

2. Madeni yanaiva lini? Deni kubwa la miaka 10 lina nafuu kuliko deni dogo linalodaiwa mwezi ujao wakati kasha ni tupu.

3. Kuna kesi gani mahakamani? Soma maelezo ya herufi ndogo. Fungu lililotengwa kwa ajili ya kesi likikua kila mwaka, basi mwisho wake haujajulikana.

4. Faida inatoka wapi? Kama kampuni ya mitambo inapata faida kwa kukopesha na kuuza mali, mitambo yenyewe inaingiza kiasi gani?

5. Wakubwa wanalipwa nini, na nani aliidhinisha? Penye jibu la wazi hapo, mara nyingi hata hesabu nyingine huwa za wazi.

Sifa za kiongozi zimeachwa nje ya orodha hii kwa makusudi. Barnevik alisifiwa kuliko Dormann, na aliyesifiwa kidogo ndiye aliyelipa madeni.